Beni: Rubani anapokosa hewa bila kujua, kwa nini oksijeni ya kubeba inajaribiwa ndani ya helikopta

Mkaaji wa komini ya Mulekera, mjini Beni, hahitaji kuinua kichwa ili ajue kama helikopta inapita. Anatambua mlio. Wengine wanaweza hata kusema kama ni ndege nyeupe ya Umoja wa Mataifa inayorudi Mavivi au ni ya jeshi inayoelekea upande wa msitu. Tangu vita vya ADF vilipozidi kusumbua eneo la Beni, helikopta zimekuwa sehemu ya maisha ya kila siku, kama vile piki-piki za wamotari zilivyo barabarani. Zinabeba majeruhi, wanganga, chanjo, chakula na maofisa.

Uzito wake umeongezeka zaidi tangu mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa M23 na uwanja wake wa ndege kufungwa. Beni ikawa makao ya muda ya serikali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini, na Mavivi ikawa mlango muhimu wa kuingilia sehemu hii ya nchi.

Watu wengi huuliza kama ndege hizo ziko salama mbele ya risasi, mvua na ukungu. Ni haki yao kuuliza hivyo. Tarehe 5 Februari 2023, helikopta ya Monusco iliyokuwa imetoka Beni kwenda Goma ilipigwa risasi ikiwa angani, na mwanajeshi mmoja wa Afrika Kusini akafariki. Lakini kuna hatari nyingine ambayo haipigi kelele wala haitoboi bati la ndege. Ni ukosefu wa oksijeni mwilini, unaoitwa hipoksia. Katika nchi kadhaa, majeshi na watafiti wamekuwa wakijaribu vifaa vidogo vya oksijeni ambavyo rubani na wenzake wanaweza kuvaa mwilini. Kwa mji ulio chini ya mlima Rwenzori, jambo hili linatuhusu moja kwa moja.

Hewa ni ile ile, ila imepungua nguvu

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba juu mlimani hakuna oksijeni. Si sahihi kabisa. Ukiwa Mulekera au ukiwa kwenye theluji ya Rwenzori, oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa. Kinachobadilika ni presha ya hewa, yaani nguvu inayosukuma oksijeni hiyo kutoka mapafuni kuingia katika damu. Kadiri unavyopanda, presha inashuka, na damu inapata kidogo.

Mfano mzuri tunao hapa karibu. Njia ya Congo ya kupanda Rwenzori inaanzia Mutsora, karibu na Mutwanga, katika Hifadhi ya Virunga. Ina vibanda vya kulala wapandaji: Kalonge kwenye mita 2,140, Mahangu kwenye mita 3,310, na Kiondo kwenye mita 4,200 hivi. Kilele cha Margherita, kwenye mpaka wa Congo na Uganda, kina mita 5,109.

Kalonge, presha ya hewa ni zaidi kidogo ya robo tatu ya ile ya kando ya bahari. Mahangu imebaki theluthi mbili. Kiondo ni kama asilimia 60, na Margherita ni zaidi kidogo ya nusu. Mtu anayetembea kwa miguu hulala kwenye kila kibanda na kufika Kiondo siku ya tatu. Katika siku hizo mwili wake unajirekebisha: anapumua kwa haraka zaidi, moyo unaongeza kazi, na kidogo kidogo anazoea.

Helikopta haimpi mtu siku tatu. Inayopanda futi 1,000 kwa dakika inaweza kutoka kimo cha mji wa Beni hadi kimo cha Kiondo kwa dakika kumi hivi. Tena helikopta si kama ndege kubwa ya abiria, ambayo chumba chake hufungwa na kuongezewa presha. Helikopta za kawaida hazina mfumo huo. Hewa iliyo nje ndiyo iliyo ndani, na mara nyingi mlango wa pembeni uko wazi ili mtu wa nyuma aangalie chini au ashushe kamba.

Kwa sababu hiyo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, OACI, limeweka mipaka kwa ndege zisizo na presha. Kati ya futi 10,000 na futi 13,000, wafanyakazi wa ndege wanapaswa kuvuta oksijeni ya ziada ikiwa watakaa huko zaidi ya dakika 30. Kupita futi 13,000, wanapaswa kuivuta muda wote. Tukiiweka sheria hiyo kwenye mlima wetu, Kalonge iko chini ya mpaka wa kwanza, Mahangu iko kati ya mipaka miwili, na Kiondo imeshapita mpaka wa pili.

Ugonjwa unaoanzia kwenye akili

Kinachotisha kuhusu hipoksia si maumivu, kwa sababu mara nyingi hayapo. Dalili ni kupumua haraka, kichwa kuwa chepesi, vidole kuwasha, kuona rangi zikififia, kushindwa kufanya hesabu ndogo. Wengine wanasikia furaha isiyo na sababu na kujiamini kupita kiasi. Kiungo kinachoumia mapema ni ubongo, na ubongo ndio ungepaswa kutambua kwamba kuna shida. Mtu anaweza kukosea kusoma kipimo cha mafuta na bado akaamini kwamba hajawahi kuendesha vizuri kama siku hiyo.

Somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa miaka 150 iliyopita. Tarehe 15 Aprili 1875, Wafaransa watatu, Joseph Crocé-Spinelli, Théodore Sivel na Gaston Tissandier, walipanda kwa puto lililoitwa Zénith kutoka Paris. Hawakuwa wajinga wa jambo hilo. Mwanasayansi Paul Bert alikuwa ameshawaonyesha, ndani ya chumba chake cha kupunguza presha, kwamba kuvuta oksijeni kunarudisha nguvu na akili. Walibeba mifuko ya hewa iliyoongezwa oksijeni. Bert alikuwa mbali na Paris, na barua yake ya kuwaonya kwamba mifuko hiyo haitoshi ilichelewa.

Walipita mita 8,000. Tissandier alieleza baadaye kwamba alitaka kuvuta oksijeni lakini mkono haukumtii tena, na kwamba wakati huo hakuwa na hofu, bali alisikia aina ya furaha. Akapoteza fahamu. Alipozinduka, wenzake wawili walikuwa wamekufa. Oksijeni ilikuwa karibu nao, mahali ambapo mkono ungefika.

Jambo hilo hilo ndilo swali kuu katika majaribio ya leo. Kuwa na chupa ndani ya ndege hakutoshi. Inabidi oksijeni ianze kuingia kabla mtu hajafika mahali ambapo hawezi tena kuamua kuitumia.

Kinachojaribiwa ni nini?

Kwa miaka mingi helikopta hazikuhesabiwa kuwa na shida hii, kwa kuwa nyingi huruka chini. Vita vya Afghanistan vilibadilisha mawazo. Helikopta za Marekani zilijikuta zikitua na kuruka kwenye milima ya mita 3,000 na zaidi, usiku, zikiwa zimejaa watu. Jeshi la Marekani likaanza kutumia mfumo wa oksijeni wa kubebwa mwilini, unaojulikana kwa kifupi PHODS. Maabara yake ya utafiti wa afya ya watu wa anga iko Fort Rucker, katika jimbo la Alabama.

Wazo ni rahisi. Chupa ndogo inakaa kwenye fulana ya rubani au ya mtu wa nyuma. Bomba jembamba linapanda hadi puani au kwenye maske. Katikati kuna kifaa kidogo cha umeme kinachotambua mtu anapoanza kuvuta pumzi, kisha kinatoa pumzi fupi ya oksijeni wakati huo huo. Mtu anapotoa pumzi, kifaa kinanyamaza. Hii inaokoa oksijeni nyingi, kwa kuwa ni hewa ya mwanzo wa kila pumzi ndiyo inayofika ndani kabisa ya mapafu. Ile ya mwisho hubaki kwenye koo na mirija, kisha inatolewa tena bila kufanya kazi. Kwa njia hiyo chupa ndogo inadumu muda mrefu kuliko ingekuwa inamwaga oksijeni bila kukatika.

Ila kifaa kinachofanya kazi mezani kinaweza kushindwa angani, na hapo ndipo majaribio yanaanzia. Watafiti huwaingiza watu wa kujitolea katika chumba cha kupunguza presha, au huwapa hewa iliyopunguzwa oksijeni kwa kuongezwa naitrojeni, halafu wanapima damu, moyo na akili. Maswali yao ni ya kazi ya kila siku. Je, oksijeni ya damu inabaki juu mtu akiwa ameketi? Na akiwa anavuta machela? Kifaa kinatambua pumzi ya mtu anayepumulia mdomo wakati bomba liko puani? Maske inaingia chini ya kofia ya ndege, na wenzake wanamsikia akisema kwenye redio? Betri inavumilia baridi na mtikisiko? Umeme wake hausumbui vyombo vya ndege? Na ndege ikianguka, bomba halitamnasa mtu anayetafuta mlango?

Uzito nao unahesabiwa. Hewa nyepesi inamnyima rubani pumzi, na pia inainyima injini nguvu na mapanga ya juu kitu cha kushika. Helikopta inayopanda mlimani inapoteza uwezo wa kubeba, na kila kilo inatafutiwa sababu. Mfumo mkubwa wa kufungwa ndani ya ndege unakula nafasi ya mafuta au ya mgonjwa. Mfumo wa kubeba ni mwepesi, na unaweza kuhamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine.

Anayeumia zaidi ni wa nyuma

Tunaposema usalama wa ndege, tunafikiria rubani. Lakini rubani ameketi. Mtu wa nyuma anapiga magoti, anafunga mizigo, anavuta kamba, anageuza majeruhi. Misuli yake inakula oksijeni zaidi. Utafiti kuhusu wafanyakazi wa helikopta za jeshi la Australia, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba wengi walikuwa wamesikia dalili za hipoksia hata chini ya futi 10,000, na kwamba walio nyuma walipatwa zaidi ya marubani. Maana yake ni kwamba mpaka wa futi 10,000 hauwalindi wote sawasawa.

Hapa kwetu kuna mambo yanayoongeza hatari hiyo. Malaria na upungufu wa damu hupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni, na mtu aliyetoka kuugua anaweza kurudi kazini kabla damu yake haijarudi sawa. Sigara huingiza gesi ya kaboni monoksidi katika damu, na gesi hiyo hukalia nafasi ya oksijeni. Uchovu, pombe ya jana na baridi vinaongeza uzito. Macho nayo huathirika mapema: uwezo wa kuona gizani huanza kupungua hata kwenye futi 5,000 hivi, kimo ambacho mji wa Butembo umeshakipita ukiwa bado ardhini.

Kuna pia mgonjwa mwenyewe. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu, au majeruhi aliyepoteza damu nyingi, anaweza kuwa na hali ya kuridhisha anapopakiwa, kisha oksijeni yake ikashuka ndege inapopanda kuvuka milima ya Lubero. Muuguzi aliye kando yake atampa chupa iliyopo. Ni tendo la utu, lakini kama ndege iko juu sana na chupa ni moja, muuguzi naye anaanza kupungukiwa, na maamuzi yake yanaanza kukosea wakati mgonjwa anamhitaji zaidi. Kwa hiyo oksijeni ya mgonjwa na oksijeni ya wafanyakazi zinapaswa kuhesabiwa mbali mbali kabla ya kuruka.

Kipimo cha kidoleni na ngozi nyeusi

Tangu Covid-19, wakaaji wengi wanakijua kile kibanio kidogo kinachowekwa kidoleni na kuonyesha namba. Kinapima kiwango cha oksijeni katika damu, ambacho wauguzi wetu huita saturasyo. Wazo lake lilitolewa mwaka 1974 na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini kabisa kando ya bahari, namba huwa kati ya 95 na 100. Wafanyakazi wa helikopta wanaweza kukitumia kukaguana angani, na ni cha bei nafuu.

Lakini kina kasoro inayotugusa sisi hasa. Kifaa hiki kinatumia mwanga unaopita kwenye ngozi. Mwaka 2020, watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo kwamba kwa wagonjwa weusi, kipimo kilionyesha namba nzuri huku damu ikiwa na oksijeni kidogo karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kidole chenye baridi nacho hutoa namba ya uongo, na namba huchelewa nyuma ya hali halisi.

Hivyo mfumo uliojaribiwa kwa askari weupe wa Marekani au wa Ulaya, ukithibitishwa kwa kipimo cha kidoleni peke yake, haujathibitishwa vya kutosha kwa rubani Mcongo, Mtanzania au Mmalawi. Majaribio yanapaswa kuwa na watu wenye ngozi kama yetu, na pale inapowezekana damu yenyewe ichukuliwe na kupimwa.

Milima ya Afrika imeshatoa onyo

Ni kweli kwamba safari nyingi zinazotoka Mavivi haziwi juu kiasi cha kuhitaji maske. Helikopta inayoenda kupeleka dawa Ituri, au inayotua Butembo, kwa kawaida inabaki chini ya futi 10,000. Lakini kuna siku ambazo mpango unabadilika. Mawingu mazito yanaweza kumsukuma rubani kupanda. Kupanda ni njia mojawapo pia ya kukaa mbali na risasi za bunduki ndogo. Na kuna siku mtu anavunjika mguu huko juu Rwenzori.

Mlima Kenya unaonyesha uokoaji kama huo unaweza kugharimu nini. Mwezi Septemba 1970, daktari kijana kutoka Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian chenye mita 5,199. Uokoaji wake ulichukua zaidi ya wiki nzima. Rubani Mmarekani Jim Hastings, aliyejitolea kusaidia kwa helikopta, alianguka na kufa mlimani. Judmaier alitoka akiwa hai. Tarehe 12 Agosti 2012, helikopta tatu za kivita aina ya Mi-24 za jeshi la Uganda, zilizokuwa safarini kwenda Somalia, zilianguka kwenye mlima huo huo katika hali mbaya ya hewa, na wanajeshi wakapoteza maisha. Ya nne, aina ya Mi-17, ilifika Garissa salama.

Ajali hizi hazisemwi hapa kuwa zilisababishwa na hipoksia. Zinaonyesha jinsi nafasi ya kukosea inavyokuwa ndogo mlimani: injini ina nguvu pungufu, ukungu unafunga haraka, na uamuzi wa sekunde chache ndio unaotenganisha kurudi na kutorudi. Kwa hiyo akili ya rubani ni kifaa cha kulindwa kama injini inavyolindwa.

Kwamba inawezekana, imeshaonekana. Tarehe 14 Mei 2005, Mfaransa Didier Delsalle alitua na helikopta ndogo juu ya kilele cha Everest, mita 8,848, akiwa anavuta oksijeni. Hakuivaa baada ya kusikia vibaya. Aliipanga mapema kama alivyopanga mafuta.

Yanayowezekana kufanywa hapa

Kununua vifaa ni nusu ya kazi. Chupa zinajazwa kwa presha kubwa, na oksijeni ya ndege inapaswa kuwa kavu, kwa sababu unyevu unaweza kuganda na kuziba bomba kwenye baridi. Mafuta au grisi ikigusa sehemu za oksijeni inaweza kuwaka moto. Mashine za kutengeneza oksijeni zinazotumika kando ya vitanda vya hospitali nyingi hazina presha ya kujaza chupa za namna hiyo. Anayeleta mfumo Beni anapaswa kusema pia utajazwa wapi, nani atakagua chupa, na nani atakuwa na ufunguo wa ghala.

Nusu ya pili ni mazoezi. Kila mtu ana dalili zake za kwanza: mmoja anasikia joto usoni, mwingine anaanza kurudia maneno, mwingine anakuwa mkali bila sababu. Anayepitishwa kwenye hali hiyo chini ya uangalizi wa wanganga, akiwa ardhini, anazijua dalili zake na anaweza kuzikumbuka angani. Wenzake nao wanajifunza kumwangalia. Kanuni bora ni ile isiyomwachia mtu mmoja kujihukumu: ndege ikifika kimo fulani, wote wanavaa, hata wanaojisikia vizuri. Na hasa wao.

Hata kabla ya vifaa vipya kufika, kuna yasiyohitaji pesa nyingi. Rubani anaweza kuandika kabla ya kuruka ni kimo gani hatakipita bila oksijeni. Mtu aliyetoka kuugua malaria anaweza kusema ukweli bila kuogopa kunyimwa kazi. Walio nyuma wanaweza kuulizwa swali dogo la hesabu kila baada ya dakika chache ndege inapokuwa juu. Na anayepakia mgonjwa anaweza kuuliza, kabla mlango haujafungwa: chupa ni ngapi, na ni za nani?